Naomba ushauri: Asubuhi niliongoza maombi, mchana nikasaini taarifa isiyo ya kweli

Mleta uzi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni shemasi katika usharika wetu, na kila asubuhi kabla ya kazi tunakutana wafanyakazi wachache kwa maombi ya dakika kumi, ambayo mara nyingi mimi ndiye huyaongoza. Wiki mbili zilizopita mkuu wangu aliniomba nisaini taarifa iliyoonyesha kwamba ukaguzi wa vifaa ulifanyika katika tarehe iliyopangwa, ilhali ulikuja kufanyika siku nne baadaye. Nikasaini. Hakuna aliyeumia, wala sikupewa chochote, lakini kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuisoma Injili, alikuwa amesimama kando ya meza yangu akiona yote. Hakusema neno. Kesho yake hakuja kwenye maombi, na hajaja tangu hapo.

Kinachoninyima usingizi si ule uongo peke yake. Ningejaribiwa, nikashindana na dhamiri yangu kisha nikaanguka, ningejua la kutubu. Lakini kalamu ilipokuwa mkononi imani haikunijia hata akilini, kana kwamba niliiacha pale tulipoombea. Naomba mnisaidie katika mambo mawili: nimwambie nini yule kijana, na mtu afanye nini ili imani yake isiishie katika dakika kumi za asubuhi?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu shemasi, anza na ile taarifa. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Zakayo naye, katika Luka 19, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani mwake, bali aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mwandikie mkuu wako kwamba tarehe uliyoisaini si sahihi na kwamba unaomba irekebishwe. Iandike kwa heshima, bila kumshtaki, kwa sababu mkono uliosaini ni wako.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kurekebisha, ila mimi ningeanza na kijana, kwa kuwa karatasi inaweza kusubiri siku moja, na moyo unaoanza kuamini haufai kusubirishwa. Mwambie, "Uliniona nikisaini uongo, nami nilikosa." Ishia hapo. Usimweleze jinsi mkuu alivyokuomba wala jinsi kazi zilivyokuwa zimekusonga, maana kila maelezo utakayoongeza atayasikia kama utetezi. Na tafadhali, siku hiyo usimwalike arudi kwenye maombi. Ukimwalika, atadhani umemwomba radhi ili kikundi kisipungue.

Mchangiaji wa tatu

Dada na kaka waliotangulia wamelijibu swali la kwanza vizuri. Mimi nitajaribu la pili, ambalo nimehangaika nalo kwa miaka mingi. Tunamkumbuka Danieli kwa tundu la simba na kwa kupiga magoti mara tatu kila siku, lakini kabla sura ya 6 haijataja maombi yake, mstari wa 4 unasema adui zake waliichunguza kazi yake wasipate kosa, kwa sababu alikuwa mwaminifu. Walilazimika kumtafutia kosa katika sala baada ya kulikosa katika kazi. Mara nyingi najiuliza kama mimi wangehitaji kwenda mbali hivyo.

Karne ya 17 aliishi Paris mtawa Mkarmeli aitwaye Ndugu Lawrence, ambaye alipangiwa kazi ya jikoni, kazi asiyoipenda kabisa kwa asili yake. Alijizoeza kuzungumza na Mungu kwa maneno machache katikati ya kazi yenyewe, hata ikawa kwake saa ya kazi haitofautiani na saa ya sala. Haikumjia kwa siku moja. Alisahau, akarudi, akasahau tena. Kwako wewe mahali pa kuanzia panaonekana wazi, napo ni kalamu. Kabla ya kila saini nyamaza kidogo, usome tena kilichoandikwa, umwambie Bwana, "Hiki ni kweli," na ukishindwa kumwambia hivyo, usisaini. Jioni uipitie siku yako saa kwa saa, kama wafanyavyo ndugu zetu Wakatoliki katika kuitafiti dhamiri, ukianza na shukrani kabla ya makosa.

Mchangiaji wa nne

Nitaongeza dogo tu. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye katika Yohana 21 hakunyang'anywa utumishi, bali aliulizwa kuhusu upendo kisha akakabidhiwa kondoo. Usijiuzulu ushemasi kwa haraka.

Mleta uzi

Nawashukuru sana, wapendwa. Leo asubuhi niliiweka barua mezani kwa mkuu, kisha nikamtafuta yule kijana na kumwambia maneno yale machache bila kuyaongezea. Alikaa kimya kwa muda, akauliza kama mkuu anajua, na nilipomweleza kuhusu barua akauliza kama naweza kufukuzwa. Nikamjibu kwamba sijui. Kwenye maombi bado hajarudi, nami sikumwalika. Kuhusu kunyamaza kabla ya saini, nimeanza jana, nikasahau mara mbili.