Msumeno wa duara au wa reli? Bodi nane za plaiwudi zinanisubiri, niko Tanga

Baba Rafu
Wakuu, habari za Jumapili. Mimi si fundi, ni mtu wa ofisini. Naishi Sahare, na mbao ni starehe yangu ya wikiendi. Nimeshatengeneza vigoda, rafu za vitabu na kitanda kimoja cha msaji ambacho mpaka leo hakilii. Sasa mama watoto anataka kabati la nguo la ukuta mzima na makabati ya jikoni. Hesabu inanipa bodi nane za plaiwudi, milimita 18, futi 8 kwa 4.

Moja nimeshaiharibu. Nilianza na msumeno wa mkono, nikawa najiona fundi kweli, kuja kupima mwisho upande mmoja una sentimita 60 na mwingine 58 na nusu. Nyingine niliibeba kwa guta hadi kwenye mashine ya kupasulia mbao kule Ngamiani. Walinyoosha, sikatai, lakini diski yao ni ya kupasulia magogo. Ukingo ulirudi kama gunzi lililotafunwa.

Nina laki sita. Msumeno wa duara wa mkononi, diski milimita 185, nimeuona dukani chini ya laki tatu. Ule wa reli, unaoteleza juu ya reli ya alumini na diski yake inazama ndani ya mbao, niliotajiwa Dar unavuka milioni, tena na reli moja tu ya mita 1.4. Ninunue huu wa bei nafuu au nivumilie mpaka zifike? Nafanyia kazi barazani, mita 3 kwa 4, na msaidizi wangu yuko darasa la sita. Natanguliza shukrani.

Randa Butu
Nunua wa duara. Huo mwingine ni wa kupigia picha.

Fundi Mstaafu
Baba Rafu, mwanangu, msumeno wa duara haujui kwenda sawa. Wa reli nao haujui. Kinachojua ni ile reli, na reli unaweza kujitengenezea.

Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, wakuuzie bomba la mraba la mita 2.7 hivi. Lichungulie kwa jicho moja kama unavyochungulia mbao, likiwa limepinda rudisha. Chukua plaiwudi nyembamba ya milimita 6, uikate upana wa sentimita 30 au zaidi kidogo, urefu wake ule ule wa futi 8. Laza bomba juu yake, likaze kwa skrubu kutokea chini, na vichwa vya skrubu vizame visije vikachora bodi yako. Bomba lizidi kidogo kila upande, ili msumeno uwe na pa kuegemea kabla haujaingia na baada ya kutoka. Halafu washa msumeno, uegemeze kwenye bomba, upite mwanzo hadi mwisho ukikata ukingo wa ile plaiwudi nyembamba.

Basi. Ukingo huo uliokatika ndipo diski yako itakapopita siku zote, maadamu hujabadilisha mashine wala unene wa diski. Ukitaka kukata bodi unaulaza kwenye mstari wa penseli, upande wa kipande unachokihitaji, unabana klempu mbili, unakata. Ila kabla ya kuchomeka plagi sukuma mashine kavu toka mwanzo hadi mwisho, uone kama mota haigongi klempu. Mimi iliwahi kunigonga nikiwa katikati ya mlango wa mninga wa watu.

Diski inayokuja na mashine mara nyingi ina meno 24, hiyo ni ya kupasulia mbao kwa urefu wake. Kwa plaiwudi tafuta ya meno 40 hadi 60, ncha za kabaidi, na tundu la katikati lilingane na mashine yako. Uso mzuri wa bodi uangalie chini. Meno ya msumeno wa duara hukata yakipanda juu, kwa hiyo yanachana upande unaouona. Nyie wa msumeno wa mkono mmezoea kinyume chake.

Dada Sinki
Shikamoo mzee wangu. Niko Bagamoyo, natengeneza makabati ya jikoni, na msumeno wa reli ninao, Makita wa diski ya milimita 165. Kwenye unyoofu sikupingi. Nilianza na reli ya kujitengenezea kama hiyo yako na ilinilisha miaka miwili.

Lakini Baba Rafu kasema msaidizi wake ni mtoto wa darasa la sita tu. Bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18 ina karibu kilo 40. Kwa msumeno wa duara unaigeuza uso chini, unapima upande wa nyuma, unakata, unaigeuza tena kuangalia. Reli ya dukani ina mpira mwembamba ukingoni unaobana nyuzi za mbao pale pale diski inapopita, kwa hiyo nakata uso mzuri ukiwa juu, naona mstari wangu, sigeuzi kitu. Na tundu la sinki nalikata kwa kuzamisha diski katikati ya bodi, kona namalizia kwa msumeno wa mkono. Kwa wa duara lazima ushike kinga ya diski kwa mkono mmoja na kuuinamisha msumeno kwa mwingine, na hapo moyo wangu hutoka mahali pake.

Kilichonifanya ninunue ni mgongo. Nakata bodi nyingi kila wiki.

Na ujue reli ya mita 1.4 inatosha kukata bodi kwa upana tu. Kuipasua kwa urefu unahitaji mbili na vyuma vya kuziunganisha. Watu wengi huigundua hiyo gharama wakiwa wameshafika nyumbani.

Randa Butu
Dada, sasa umemwambia anunue au asubiri?

Dada Sinki
Nimemwambia apime mgongo wake. Bodi nane, ningekuwa yeye ningechukua wa duara.

Kijana wa Chumbageni
Baba Rafu, ukipata wa reli "mtumba wa bei poa" soma kwanza kibandiko cha mashine. Mimi nilichukua wangu Unguja, umetoka Japani, msafi, reli yake ndani ya boksi. Kufika nyumbani nikabadilisha plagi, nikauwasha. Ulilia kama ndege inaruka, sekunde kumi nikaona moshi unatoka kwenye matundu ya mota. Japani umeme wao ni volti 100, wetu 230. Na ile yenye plagi ya njano kutoka Uingereza ni ya volti 110, ya kwenye majengo, inatumia transfoma. Reli bado ninayo. Naitumia kupigia mistari.

Mzee Kibaraza
Nasoma naona wote mnaongelea mstari, hakuna aliyegusa bodi imelala juu ya nini. Mimi niliweka bodi juu ya viti viwili vya plastiki, kimoja huku kimoja kule, nikaanza kukata katikati. Nilipokaribia mwisho bodi ikabonyea, mpasuo ukajifunga ukaibana diski, na msumeno ukaruka nyuma kuja kwangu. Ulipita pembeni ya paja, ukakata waya wake wenyewe, ukaangukia sakafuni ukichimba. Kwenye kigae cha baraza yangu kuna mfereji wa urefu wa kiganja. Mke wangu ameuwekea chungu cha mrehani juu, na kila mgeni akija anakisogeza ili aoneshe.

Weka mbao nne za mbili kwa nne sakafuni, bodi juu yake, mbili kila upande wa mstari, ili vipande vyote viwili vibaki vimelala baada ya kukatika. Diski ishuke chini ya bodi milimita 5 hivi tu. Usisimame nyuma yake moja kwa moja, simama pembeni. Na huyo wa darasa la sita ashike tepu na penseli, diski ikizunguka akae ndani. Msumeno ukikasirika, waja leo waondoka leo, na kidole chako.

Fundi Mstaafu
Mzee kasema la maana, nami nililisahau. Ongeza waya wa ekstensheni: usiutumie ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake, unapata moto. Ufungue wote. Na kwa huu upepo wa bahari wa Sahare, bati la chini la msumeno lipake nta ya mshumaa, linateleza na halishiki kutu haraka.

Baba Rafu
Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilichukua wa duara, wati 1,400, na diski ya meno 60. Chenji ilitosha klempu nne, miwani na barakoa za vumbi. Maana nilijaribu kipande cha MDF bila barakoa nikapiga chafya mpaka Jumatatu.

Bodi tano zimeshakatwa. Ya kwanza ilitoka fupi milimita 2, nilikuwa nimeulaza ukingo wa reli upande usio wenyewe wa mstari, ingawa Fundi Mstaafu alishanielekeza. Nne zilizofuata nimezisimamisha pamoja, nikapitisha kidole juu, sikusikia ngazi. Uso wa chini umetoka laini, wa juu una machano madogo sana kwenye kingo mbili. Safari hii nimebandika selotepu ya karatasi juu ya mstari kabla ya kukata, yamepungua.

Dada Sinki, ulichosema kuhusu mgongo nimekielewa kwenye bodi ya tatu.

Na lile bomba la alumini fundi madirisha hakunidai hela. Amenipa kwa sharti kwamba nimkatie milango miwili ya kabati lake la jikoni. Kaja nayo jana. Ni MDF.