Kocha msaidizi kapewa timu ya chuo: matumaini haya yana msingi au ni mihemko?

Shomari77: Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani (ile ya mpira wa mkononi) ya vyuo. Kocha mkuu wetu kaondoka, kocha wa ulinzi kapandishwa. Mashabiki wameshajitangazia ubingwa, hoja yao ni kwamba "wachezaji wanampenda". Mwisho wa kulipia tiketi za msimu mzima ni wiki ijayo. Nitazame nini kabla sijatoa pesa?

Kipanga: Mkuu, la kupendwa liweke kando. Chuo cha Notre Dame walimpandisha kocha wao wa ulinzi, Marcus Freeman, Desemba 2021, wachezaji wakashangilia hadi video zikasambaa. Mechi ya kwanza, Fiesta Bowl ya mwisho wa msimu, wakaongoza 28-7, wakalala 37-35. Msimu mpya ulipoanza wakapigwa na Ohio State, kisha na Marshall 26-21, tena nyumbani.

Tazama benchi la ufundi. Aliyepanda ameacha pengo: nani sasa anaita mbinu za ulinzi? Akiendelea kuita mwenyewe, ulizia nani anamtunzia taimu auti (nafasi za kusimamisha saa) tatu za kila nusu, na nani anamshauri jaribio la nne, lile la mwisho kabla ya kupoteza mpira. Sekunde 40 kati ya jaribio na jaribio hazimtoshi mtu mmoja kwa yote hayo.

BintiMagomeni: Naongezea hapo. Septemba 2023, Notre Dame wanaongoza 14-10 dhidi ya Ohio State, zimebaki sekunde chache, mpira uko karibu kabisa na mstari wa bao wa Notre Dame. Ulinzi ukasimama na watu 10 badala ya 11, majaribio mawili mfululizo! Taimu auti zimekwisha. Tachidauni (bao la kuvuka mstari) ya Ohio State, 17-14. Sasa piga hesabu: mpira ukiwa yadi moja, adhabu ya mlinzi kuotea inausogeza nusu ya umbali tu, yaani nusu yadi. Afadhali wa 11 akimbilie ndani, hata kama mtaadhibiwa. Jambo kama hilo hukubaliwa mazoezini Jumatano, siyo pale pale kwenye kelele.

Kipanga: Naam. Halafu usajili. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji hufunguliwa dirisha lao la kuhama, na faida kubwa ya kupandisha wa ndani ni kuwazuia wasitawanyike. Anza na kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza ushambuliaji), kisha wale watano wa mstari wa mbele wanaomkinga. Michigan walimpandisha kocha wa ushambuliaji baada ya ubingwa wa 15-0 (kushinda 15, kufungwa 0), lakini wachezaji 13 wakachukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji) ya 2024. Msimu ukaisha 8-5.

Mzee wa Takwimu: Msimtishe kijana. Dabo Swinney alikuwa kocha wa wapokeaji (wadaka pasi) pale chuo cha Clemson alipokabidhiwa timu Oktoba 2008. Mwaka 2010 akamaliza 6-7. Akabadilisha kocha wa ushambuliaji, akamleta Chad Morris, mambo yakageuka. Ubingwa ukaja msimu wa 2016 na wa 2018. Hata Freeman, 2024 alifungwa na Northern Illinois 16-14, kisha akashinda 13 mfululizo hadi fainali.

Shomari77: Kwotabeki amebaki, wanne wa mstari wamebaki. Kocha mpya wa ulinzi bado hajatangazwa.

Kipanga: Basi subiri hadi siku ya mwisho. Asipotangazwa, nunua mechi moja moja, na ya kwanza iruke. Huwa wanaletewa kibonde, utarudi nyumbani umedanganyika.