Tupeane uzoefu: wakazi mliowahi kufufua vichochoro vya mtaani kwenu

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita uchochoro wa nyuma ya nyumba aliyotuachia marehemu bibi, Ngamiani hapa Tanga. Namba ya barabara siitaji, wenyeji mtanijua mara moja. Zamani tulikuwa tunakatiza humo kwenda chuo cha Kurani, juzuu kwapani, akina mama wanakuna nazi kwenye milango ya uani na kuombana chumvi. Leo nimekuta majani hadi kiunoni, mfuniko wa chemba umevunjika, na ukuta wa jirani umegeuzwa jalala. Nimeumia jamani. Kinachoniuma zaidi, uchochoro wa pili kutoka hapo wakazi wameushika wenyewe: umepigwa zege, mtaro unapitisha maji, taa inawaka, asumini zimepandwa kwenye makopo. Mvua ni hiyo hiyo na mji ni huo huo. Waliofanya hivi kwao walianzia wapi? Nani alikubali, nani aligoma? Nataka tuanze kabla ya vuli.

Fundi Baiskeli
Anzeni na jembe, mkutano baadaye. Mkianza na mkutano mtakunywa kahawa mpaka masika.

Mama Wawili Mabawa
Naunga mkono. Sisi tulianza wanawake watatu na mafagio ya chelewa, wengine wakatoka kwa kuona haya.

Bi Mkubwa wa Makorora
Mwanangu umenikumbusha 2019, mwaka wa kidingapopo. Dengue ilipiga Dar, ikapiga na Tanga yetu. Kwangu aliugua mume, akafuatia mkwe. Macho yanauma kwa nyuma, viungo vinakatika, mtu hawezi kujigeuza kitandani. Sisi tunahangaika na vyandarua usiku, kumbe mbu wa ugonjwa ule anauma mchana.

Akaja kijana wa afya, akaomba nimfungulie mlango wa nyuma. Nikamwambia huko hapaingiliki. Akaingia hivyo hivyo. Akainama, akaokota kifuu kimoja cha nazi, akakigeuzia kwenye jua nione: viluwiluwi wanacheza ndani, na maji yenyewe masafi, ya mvua. Tairi, wamo. Kopo la rangi, wamo. Beseni lililopasuka, wamo. Mbu yule hana haja na majitaka, anataka maji safi yaliyotulia, na ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi yai limeshakuwa mbu anayeruka.

Jioni ile nilipita mlango kwa mlango. Sikuomba hela. Niliomba kila nyumba itoe kilicho nyuma yake, basi. Ndivyo uchochoro wetu ulivyofunguka, na mpaka leo kila Ijumaa asubuhi kila mtu anapindua vya kwake. Kwa hiyo usianze na maua. Maua ndani ya makopo yasiyotobolewa chini ni kufuga mbu.

Kijana wa Usagara
Kweli tupu, Bi Mkubwa. Shikamoo.

Fundi Baiskeli
Na taka mkizitoa, mjue zinakwenda wapi. Mnakumbuka 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa siku ya usafi nchi nzima? Mtaani kwetu watu walijitoa hasa, uchochoro ukaonekana ardhi yake. Lundo likawekwa mdomoni mwa uchochoro kusubiri gari. Gari halikuja. Mvua ikanyesha, lundo lote likarudi ndani. Kodini mkokoteni siku hiyo hiyo, msilale na lundo.

Mwenye Nyumba Chumbageni
Taka ni rahisi. Tatizo ni wanaotapisha vyoo. Mvua kubwa ikishuka, kuna mtu anasubiri usiku wa manane afungue chemba, uchafu wote unateremka uchochoroni pamoja na maji ya mvua. Asubuhi zege mlilolichangia linanuka, na watoto wanapita hapo kwenda shule. Wengi wao ni wapangaji. Nyumba si yao, hawana uchungu nayo.

Mpangaji Halali
Mkuu, futa hiyo kauli. Shimo likijaa tunamwambia mwenye nyumba, anajibu changishaneni. Vyumba vinane, choo kimoja, shimo la enzi za babu yake, kodi anachukua ya miezi sita kwa mkupuo, na gari la kunyonya hataki kulilipia. Nani hapo asiye na uchungu?

Mwenye Nyumba Chumbageni
Kodi yenyewe mnaileta kwa mafungu, halafu unasema mkupuo.

Mpangaji Halali
Risiti ninazo.

Mama Wawili Mabawa
Jamani, mada ni vichochoro. Japo mpangaji ana hoja. Kwetu tuliamua gharama ya gari la kunyonya, mwenye nyumba nusu, wapangaji nusu, na kamati ndiyo inayoliita ili pasiwe na visingizio.

Swahiba wa Msambweni
Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Naomba niandike la kwetu, ni refu, mnivumilie.

Uchochoro wetu walikuwa wanapita watu wawili sambamba. Kila mwenye nyumba akawa anaumega kidogo kidogo. Huyu kasogeza choo, yule kaweka banda la kuku. Wa mwisho akainua ukuta wa tofali pale kwenye kona, ikabaki nafasi ya mtu mmoja, tena apite ubavu. Tulisema mpaka tukachoka. Ni jirani, nani anataka kesi na jirani?

Akafariki mwalimu wetu wa chuo. Mzee aliyetusomesha sisi sote, na baba zetu pia. Nyumba yake ni ya ndani, mlango unatokea uchochoroni. Jeneza lilipoletwa tupu tulilisimamisha wima, likapita. Kulitoa na maiti ndani ndiko kulikokuwa mtihani. Jeneza la msikiti wetu ni la mbao nzito, vipini virefu. Tukafika kwenye kona ya ule ukuta, halikati. Tukarudi nyuma, tukajaribu kutanguliza upande wa pili, halikati. Adhuhuri inakaribia, jua la Tanga mnalijua, jasho linatuingia machoni. Ndani wanawake wakasikia hatuondoki, kilio kikaanza upya.

Mtu mmoja nyuma akasema tuliinamishe. Mtoto wa marehemu akapiga ukelele: "Baba yangu hainamishwi!" Watu wote kimya. Ndipo vijana wakapanda juu ya ukuta, wengine juu ya bati la banda, tukalipokezana juu kwa juu, mkono kwa mkono. Bati likatoboka, mguu wa kijana mmoja ukatumbukia na kuchanika vibaya. Damu yake ilidondokea kwenye kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza.

Mwenye ukuta alikuwa mmoja wa wabebaji. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona mkono wake unavyotetemeka kwenye kipini.

Tangu siku ile mtu akiniambia uchochoro ni sehemu ya nyuma tu, haina kazi, namkatalia mbele za watu.

Mama Wawili Mabawa
Inna lillahi. Nimesoma nikiwa dukani, nimeacha wateja wamesimama. Ukuta ulivunjwa?

Kijana wa Usagara
Ndiyo, ukuta vipi mkuu?

Mpangaji Halali
Swahiba rudi hapa. Ukuta!

Mpima Viwanja
Wakati tunamsubiri: kabla hamjagombana na jirani, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaombe kuona ramani ya mipango miji ya eneo lenu. Ngamiani imepangwa kwa mistari, barabara kwa namba, si mji uliojiotea. Mkijua bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, ilipo mnazungumza mkiwa na karatasi. Nendeni na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wawe mashahidi.

Fundi Baiskeli
Ofisini utazungushwa mpaka ndevu ziote mvi. Tumeni wazee na imamu wakae barazani kwa mwenye ukuta, wanywe kahawa yake, yataisha.

Mpima Viwanja
Wazee wakiondoka, mrithi anasema hakuna aliyemwambia. Karatasi inabaki.

Fundi Baiskeli
Wewe kahawa huijui nguvu yake.

Mwana Bagamoyo
Nichomekee la kwetu. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta nyingi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Vijana walijitolea kusafisha, kazi nzuri sana, halafu wakaona ukuta umemenyeka wakaupiga plasta ya saruji upendeze. Ukuta wa namna ile unafyonza unyevu na chumvi, na chokaa inauruhusu utoke taratibu. Saruji inauziba. Plasta ikavimba, ikaporomoka na mawe yake. Tumieni chokaa na mchanga, na mtafuteni fundi mzee anayeijua. Kama jengo ni la kale, liko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, waulizeni wahusika kabla hamjagusa hata fremu ya mlango.

Mtanga wa Montreal
Nawasoma kutoka Kanada. Huku Montreal vichochoro vya nyuma ya nyumba zamani vilipitishia makaa na barafu, baadaye vikawa vya magari na mapipa ya taka. Sasa wakazi wanaunda kamati, wanatafuta ridhaa nyumba kwa nyumba, halmashauri ya eneo inawang'olea lami sehemu sehemu, wao wanapanda na kutunza. Ninachokipenda zaidi pale ni udongo kuachwa wazi. Mvua inazama ardhini badala ya kukimbilia yote kwenye mabomba. Sisi Tanga, kwa kuwa saruji inachomwa hapo hapo Pongwe, tunadhani kufufua uchochoro ni kumwaga zege ukuta kwa ukuta. Acheni ukanda wa udongo.

Fundi Baiskeli
Udongo na masika ya huku? Huko kwenu theluji, huku bwawa.

Mama Wawili Mabawa
Sisi tuliacha ukanda mwembamba tukapanda mchaichai na mrehani, na kilua kimoja mwanzoni. Bwawa hakuna. Mchaichai kila mtu anakata wa chai asubuhi, kwa hiyo haurefuki ukaficha mtu. Na kilua kikichanua, wanaopita wanapunguza mwendo.

Mtoto wa Ngamiani
Shukrani sana. Na hela je? Kwetu ukitamka mchango watu wanafunga madirisha.

Mama Wawili Mabawa
Kila mlango elfu mbili kwa mwezi. Mweka hazina ni mama muuza maandazi, kwa sababu kila nyumba inapita kwake asubuhi. Ana ubao nyuma ya mlango, majina yote yapo, aliyetoa anawekewa alama mbele ya macho yake, na kila mfuko wa saruji ulionunuliwa umeandikwa chini. Hakuna aliyewahi kudai hesabu.

Kijana wa Usagara
Kwetu aliyekusanya alihama mtaa.

Mpima Viwanja
Vijana wenu wakiwa na kikundi kilichosajiliwa waombe ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanunue mkokoteni wazoe taka kwa malipo. Uchochoro wenye mtu anayekula kutokana na usafi wake hautelekezwi.

Mwenye Nyumba Chumbageni
Mkopo urudishwe na nani? Tusiwatie vijana deni kwa ajili ya taka zetu.

Swahiba wa Msambweni
Nimerudi, nilikuwa msikitini. Haya, ukuta.

Baada ya hitima ya siku ya tatu mwenye ukuta alituita mwenyewe. Alikuwa tayari kuvunja siku ile ile. Mkewe akakataa, na tukimsikiliza ana haki: nyuma ya ukuta ule ndipo yeye na binti zake wanapooga. Ukivunjwa waoge wapi? Sisi wanaume tulikuwa hatujalifikiria hilo hata kidogo. Ikakaa miezi, maneno yakawa mengi, wengine wakaacha kusalimiana.

Kilichofungua ni yeye huyo mama. Alisema nijengeeni bafu upande wa ndani, ukuta chukueni. Tukaitisha msaragambo. Tulibomoa kwa mkono, tofali moja moja bila kuzivunja, wanawake wakazikwangua udongo, na tofali zile zile ndizo zilizojenga bafu lake. Tulinunua saruji na bati tu. Mwenye banda la kuku kuona vile akalihamisha bila kuambiwa. Mwenye choo bado yupo, hajakubali. Lakini tumelipitisha jeneza tupu kwa kulilaza kama lilivyo, kona inakata.

Bi Mkubwa wa Makorora
Allah amrehemu mwalimu wenu. Huyo mama wa bafu ndiye mlitakiwa mumwendee mwanzo. Mlango wa uani ni wa mwanamke, na uchochoro unaanzia hapo.

Mwenye Nyumba Chumbageni
Wa choo mpelekeni baraza la kata.

Fundi Baiskeli
Mjengeeni na yeye, kama mlivyomjengea mwenzake.

Mwenye Nyumba Chumbageni
Basi kila mtu atavamia uchochoro ili ajengewe.

Mpangaji Halali
Hapo leo nakubaliana na mwenye nyumba, jamani.

Mtoto wa Ngamiani
Nimepata pa kuanzia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi natembea na shangazi mlango kwa mlango, milango ya uani, si ya mbele. Swali la mwisho: mtaro ukae katikati au pembeni?

Fundi Baiskeli
Katikati. Ndiyo haki kwa wote.

Mpima Viwanja
Pembeni, upande ambao misingi ni imara.

Mama Wawili Mabawa
Kabla ya kuchanganya zege mwaga ndoo kadhaa za maji mwanzo wa uchochoro, uzifuate. Yatakapopita ndipo uchimbe.

Mwenye Nyumba Chumbageni
Na mifuniko iwe mifupi mifupi, ya kunyanyuliwa na mtu mmoja. Mirefu hainyanyuliwi, mtaro ukiziba mtaishia kuvunja.