Kuingia kwenye banda la maua dawa ikiwa bado mbichi

Mkata Waridi: Shikamooni wakubwa. Natoka Burundi, nakata waridi kwenye shamba moja upande wa Usa River. Wakishapuliza dawa tunaambiwa tuingie majani yakiwa bado yanachuruzika. Glavu zimetoboka. Jioni kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, mate yanajaa mdomoni. Nikisema, msimamizi ananikumbusha habari ya kibali. Na nina mtoto ananyonya. Nifanyeje?

Mzee wa Tengeru: Marahaba mwanangu, pole sana. Nimepuliza dawa mashambani miaka mingi. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla watu hawajaingia, umeandikwa kwenye kibandiko cha kopo. Nyingine saa kadhaa, nyingine siku nzima na zaidi. Mate na ukungu machoni vinanitisha, ndivyo sumu ya oganofosfeti, aina ya dawa za kuua wadudu, inavyoanza. Nenda hospitali leo, usingoje Jumapili! Taja jina la dawa, uliza kipimo cha damu cha kolinesterase, kinachoonyesha kama sumu hiyo imekuingia. Na uoge, ubadilishe nguo, ndipo umpakate mtoto.

Dada Sakina: Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri, bure, kwa sheria ya usalama na afya kazini ya 2003. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi hapa Arusha. Ukiugua kwa kazi kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Anachangia mwajiri, wewe hukatwi hata shilingi. Daktari aandike kwamba ni ugonjwa wa kazini.

Mkata Waridi: Asanteni sana. Kopo nimelipiga picha, naelekea hospitali.