Miche nisiyoifahamu katika malisho ya farasi: nitajuaje kama ina sumu?

Mwenye malisho

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Kando ya uzio wa malisho yangu, mahali ambapo nyasi zilipungua wakati wa baridi, imeota miche mingi ya mti nisioufahamu. Kila mche umetoa majani mawili marefu na membamba mithili ya utepe, ambayo mishipa yake inakwenda sambamba hadi nchani, na juu yake kuna jozi ya majani yanayotazamana, yenye makunyanzi na kingo za meno. Mti mkubwa ulio karibu umesimama ng'ambo ya uzio na si wangu. Nina farasi wawili, na yule mdogo, ambaye hajatimiza miaka miwili, huonja kila anachokikuta. Jirani ananishauri nifyeke yote kwa mashine. Je, inawezekana kuutambua mche huu ungali mdogo, na je, kufyeka kunatosha?

Mtaalamu wa mimea

Maelezo yako yananifanya nishuku Acer pseudoplatanus, mti ambao mbegu na miche yake ina sumu iitwayo haipoglisini A. Wengi huukosa kwa sababu wanatafuta jani lenye ndewe tano, yaani sehemu zilizogawanyika kama vidole, ilhali majani halisi ya kwanza hayana ndewe kabisa; yana umbo la yai, kingo zake zina meno, na ndewe hutokea baadaye. Hata hivyo, majani ya mbegu, yaani yale mawili ya utepe yanayotangulia, ya jamii nzima ya Acer yanafanana mno, kwa hiyo usihukumu kwa jozi ya kwanza pekee.

Ng'oa mche mmoja taratibu pamoja na mizizi yake, kisha uchunguze udongo ulioushikilia. Mara nyingi utakuta ganda la mbegu, kavu, la kahawia, ambalo bado lina bawa lake. Kwa kulinganisha, mche wa mwaloni huiacha mbegu yake chini ya ardhi, nawe utaikuta imeshikamana na shina, tena hautoi kamwe majani ya utepe unayoyaeleza.

Baada ya hapo nenda kwenye mti mkubwa, kwani ndio shahidi mzuri kuliko mche. Mbegu za Acer pseudoplatanus huwa mbilimbili, na mabawa yake hukutana kwa pembe iliyo karibu na pembe mraba, wakati ya Acer platanoides, mti mwingine wa jamii hiyo, hutanuka hadi kukaribia mstari mmoja. Ukikata kikonyo cha jani la Acer platanoides, utomvu mweupe kama maziwa hutoka. Cha Acer pseudoplatanus hakitoi utomvu huo. Kutokuwepo kwa mti karibu hakukuhakikishii usalama, maana mbegu zenye bawa husafirishwa mbali na upepo.

Mfugaji wa farasi

Kuhusu kufyeka, naomba usimsikilize jirani. Mche uliokatwa haupotezi sumu yake kwa kunyauka, na vipande vyake huchanganyika na nyasi kiasi kwamba farasi hawezi kuviepuka. Dawa ya kuua magugu nayo huuacha mche uliokufa ukiwa bado na sumu, na utafiti umeonyesha kwamba sumu hiyo hudumu hata ndani ya majani makavu ya kulishia na silaji (nyasi zilizochachushwa). Ng'oa kwa mkono, jaza mifuko, uitoe nje ya malisho. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi. Sehemu iliyo chini ya mti izungushie uzio wa muda, na farasi wapewe majani makavu ya kutosha, kwa kuwa wenye njaa kwenye nyasi fupi ndio wanaoila miche kwa wingi.

Mwenye malisho

Nimeng'oa michache na nimekuta ganda lenye bawa kwenye udongo. Mbegu zilizoanguka chini ya mti zina pembe mraba uliyoieleza. Farasi nimeshawahamisha, lakini sijui kama wamekwisha kula.

Daktari wa mifugo

Umefanya vyema kuwahamisha, ila dalili huweza kujitokeza hata siku nne baada ya farasi kuondolewa malishoni, kwa hiyo endelea kuwaangalia wote wawili, hasa mdogo, kwani farasi wachanga huathirika zaidi. Sumu hii huzuia misuli kutumia mafuta kama nishati, ikiwemo misuli ya moyo na ya kupumulia. Farasi hukakamaa, hutetemeka, hutokwa jasho, hulemewa hata kusimama, na mkojo wake hugeuka kuwa wa kahawia iliyokolea. Wengine huonekana kama wana maumivu ya tumbo huku wakiendelea kutaka kula, jambo linalowapotosha wenye farasi.

Ukiona hata moja kati ya hizo, mwite daktari papo hapo wala usimtembeze farasi, kwa kuwa kila hatua huongeza madhara katika misuli. Mfunike apate joto. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu yenyewe, na wengi wa wanaougua hufa, hivyo saa za mwanzo zina uzito mkubwa. Hata wasipoonyesha dalili, ukitaka uhakika, damu yao inaweza kupimwa maabara, na miche pia. Muulize daktari wako sampuli ipelekwe wapi.