Asali ya rangi ya ubuyu: gumzo la majirani, Limbani, Wete

Bi Time: Asalaam alaykum majirani. Ami Kombo upo?

Bi Time: (picha)

Bi Time: Hilo sega nimelinunua kwa Ami Kombo jana. Likuzeni mtazame vizuri. Vyumba vya kushoto dhahabu, vya katikati vyekundu, halafu dhahabu tena. Asali gani hii jamani?

Faki (Unguja): Waalaykum salaam. Bi Time kaja na kesi kabla watu hawajanywa chai 😂

Ami Kombo: Waalaykum salaam Bi Time. Nilikuwa uani kwa mizinga. Sega hilo nimelikata mwenyewe usiku, kwa kurunzi, rangi sikuiona. Sasa hivi nimefungua mzinga wa pili, nao una vyekundu. Wallahi sijatia kitu.

Bi Time: Mie sijasema umetia. Nimesema nyekundu.

Mama Nassor: Si maua tu hayo? Asali hubadilika kwa maua. Huenda ni karafuu.

Ami Kombo: Hubadilika, kweli. Nimeona nyeupe karibu kama maji, nimeona nyeusi. Ya rangi ya shokishoki sijaiona tangu nianze kufuga. Na karafuu, Mama Nassor, tunazichuma kabla hazijachanua. Nyuki anaambulia zile zilizosahauliwa kileleni. Hawa wangu wanaishi kwa mikandaa, minazi na miembe.

Msimamizi: Samahani nawakatiza. Mchango wa pampu mwisho leo, wale ambao hawajatoa wanajijua.

Faki (Unguja): Msimamizi ngoja kwanza, tuko kwenye asali.

Ami Kombo: Nimemshika nyuki mmoja mlangoni mwa mzinga, nikamwinua juani. Tumbo linapitisha mwanga, ndani jekundu. Kwa hiyo anakuja nayo kutoka nje. Hiyo si rangi ya ua.

Salma Ubuyu: Hebu subirini.

Salma Ubuyu: Hamadi, ile shira yangu iliyobaki uliipeleka wapi?

Hamadi: Ujumbe huu umefutwa

Faki (Unguja): Tumeshausoma Hamadi 😂😂

Hamadi: Sawa, nimelisha nyuki wangu. Kwani kosa? Masika haya mvua haikukatika, nyuki hawatoki, wakitoka hawakuti ua. Mizinga yangu ukiinyanyua myepesi, mitupu. Wafugaji dunia nzima wanalisha sukari. Salma alikuwa na shira ya ubuyu, nikaichanganya na maji, nikaiweka kwenye beseni chini ya mwembe. Uani kwa mtu sijaingia.

Ami Kombo: Wewe hukuingia. Nyuki wangu ndio waliotoka.

Mwalimu Khatibu: Na wasingeacha kutoka. Nyuki wa kawaida anatafuta chakula hata kilomita 2 au 3 kutoka mzingani, na akikosa huenda mbali zaidi. Hapa pana ukuta mmoja tu. Akigundua beseni anarudi, anacheza ngoma yake juu ya sega, wenzake wanajua upande na umbali. Kwa dakika chache beseni la Hamadi lina wageni kuliko wenyeji.

Hamadi: Kwa hiyo nimelisha mtaa mzima kwa gharama yangu 😅

Ami Kombo: Na mie nikauza kwa jina langu.

Mwalimu Khatibu: Si mara ya kwanza duniani. Mwaka 2010 huko Brooklyn, Marekani, nyuki wa watu walirudi na kitu chekundu kutoka kiwanda cha cheri za sukari. Mwaka 2012 kule Ribeauvillé, Ufaransa, wafugaji walikuta asali ya buluu na kijani. Jirani yao palikuwa na mtambo wa kutengeneza gesi kwa taka, ukipokea mabaki ya peremende za rangi za M&M's. Asali ile hawakuweza kuiuza.

Faki (Unguja): Buluu! Basi sisi tuna afadhali.

Salma Ubuyu: Uzeni. Andikeni "asali ya ubuyu", watalii watagombania. Ina iliki na vanila ndani yake tayari.

Ami Kombo: Salma mwanangu, iandike utakavyo, ila neno asali ulitoe.

Bi Time: Mnacheka. Niambieni mie mnunuzi: nilichonunua sukari au asali? Maana jana nimejaribu kwa kiberiti, njiti imewaka vizuri tu. Nimetia tone kwenye gilasi ya maji, limeshuka mpaka chini halikutawanyika.

Mwalimu Khatibu: Njiti ikiwaka inakwambia tu kwamba maji si mengi. Tone likishuka linakwambia ni nzito. Shira nzito nayo inashuka. Hata ile ya sisimizi kuikimbia asali safi, siiamini, nimewaona wakiila.

Bi Time: Basi nipime kwa nini?

Mwalimu Khatibu: Kwa nyumbani huwezi, na hapo ndipo penye tabu. Nyuki hatii shira kwenye chumba kama ilivyo. Anaichanganya na kimeng'enya chake, sukari ya miwa inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, zile zile zilizomo kwenye asali. Kisha wanapeperusha mbawa mpaka maji yapungue, wanaziba kwa nta nyeupe safi. Kwa macho ni asali. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka sukrosi, yaani hiyo sukari ya miwa, kwa kawaida isizidi gramu 5 katika gramu 100, lakini nyuki akishaivunja hata kipimo hicho kinaweza kisiigundue. Maabara kubwa hupima kaboni, kwa sababu kaboni ya miwa haifanani na ya maua mengi wanayoyatembelea nyuki. Wete nani anayo hiyo?

Mwalimu Khatibu: Kinachokosekana ni ile harufu ya ua. Tamu imebaki, ua halipo.

Mama Nassor: Kwa hiyo Salma asingetia rangi kwenye shira yake tusingejua kitu.

Bi Time: Subhanallah. Hamadi, masika iliyopita ulilisha?

Bi Time: Hamadi?

Faki (Unguja): Anaandika… ameacha… anaandika…

Hamadi: Nililisha. Lakini sukari nyeupe tu, ya dukani, haina rangi.

Ami Kombo: Ndiyo maana.

Ami Kombo: Mwaka ule asali ilijaa mapema, mikandaa haijachanua bado. Nikashukuru Mungu. Nilipoionja haikuwa na kitu, utamu mtupu, nikadhani ni mdomo wangu umezeeka. Na watu waliinunua kwa dawa.

Bi Time: Na mie mmoja wao. Nikimchanganyia mzee na habasoda kila alfajiri.

Hamadi: Lakini Ami, nyuki wangu walikuwa wanakufa njaa. Ulitaka niwatazame?

Ami Kombo: La. Kulisha si haramu, na mie nimewahi kulisha kundi dogo. Lakini tuulizane kwanza: kaskazi ulikata masega mangapi?

Hamadi: Yote yaliyokuwa yamezibwa. Bei ilikuwa nzuri.

Ami Kombo: Basi njaa umewatia wewe, masika imekuja kukumalizia. Ile asali ni akiba yao ya mvua. Ukikata, waachie. Mie mzinga ninaoukata huku unabaki na masega ya pembeni hayaguswi mpaka mvua ikatike. Mwenye kulisha kila mwaka ajiangalie mkono wake.

Ami Kombo: Na ukilazimika, lisha ndani ya mzinga, si uwanjani. Jioni, wakisharudi. Sukari nyeupe na maji sawa kwa sawa, maji ya moto ya kuyeyushia, iache ipoe. Usitie ya rangi, wala sukari guru, inawaharisha. Tia kwenye kopo lenye kifuniko, toboa kifuniko tundu ndogo za sindano, ligeuze kichwa chini juu ya masega. Wananyonya kidogo kidogo, hawazami. Mlango uupunguze upite nyuki mmoja mmoja, maana wakinusa wa jirani wanakuja kuiba. Miguu ya meza ya mzinga itie kwenye makopo ya oili chafu, siafu wasipande. Ukiona maua yameanza, kopo toa. Na masega waliyojaza kwa shira usiyakate kuuza hata yakizibwa vipi, hayo yao.

Ami Kombo: Beseni la wazi lina ubaya mwingine sijausema. Nyuki wa mizinga tofauti wanakutana hapo, mwenye ugonjwa na asiye nao. Wakilimaliza wanakuwa wameshazoea wepesi, wanavamia mzinga dhaifu. Juzi nimezoa wafu wengi mlangoni kwangu, nikadhani dawa ya kunyunyizia bustani. Kumbe wanapigana.

Salma Ubuyu: Na mie maji ya kuoshea sufuria nitayamwaga shimoni nifukie. Wananijia jikoni mpaka nashindwa kuchanganya ubuyu, mwenzenu nimeumwa kidole cha pete hakikunjiki.

Mama Nassor: Sasa hilo sega jekundu nimpe mjukuu alambe? Ana miezi sita, ana kikohozi.

Nesi Mwanaidi: Hapana Mama Nassor! Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali yoyote, iwe nyekundu, iwe safi ya mwituni. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Kikohozi mlete kituoni.

Mama Nassor: Haya, ahsante mwanangu.

Ami Kombo: Jamani, msimu huu siuzi tena. Masega yenye rangi nayarudisha kila moja mzingani mwake, wale wenyewe. Yasiyo na rangi pia siyaamini, maana siku zile zile walikuwa wanapita kwenye beseni hilo na kwenye maua. Nitakata tena mikandaa ikishachanua na wao wakishajenga upya. Mliokwisha kununua njooni, kila mtu na chake.

Bi Time: Langu silirudishi, nimeshalimwagia kaimati. Watoto wamelamba sahani. Lakini nililipa bei ya asali, nimekula shira.

Ami Kombo: Utarudishiwa tofauti yako Bi Time.

Bi Time: Tofauti aitoe Hamadi.

Faki (Unguja): 😂😂😂

Hamadi: Nitachangia. Ami, hilo kopo, kifuniko cha bati au cha plastiki?

Ami Kombo: Chochote, mradi kizibe barabara, hewa isiingie. Njoo baada ya laasiri na kopo lako tulitoboe. Beseni liondoe sasa hivi, usisubiri laasiri.

Bi Time: Na mie laasiri hiyo hiyo niko hapo.

Msimamizi: Haya, na mchango wa pampu?