Gitaa limeinua nyuzi baada ya kuhamia Kampala: nimpe fundi yupi?

Mwana_Arua
Habari zenu ndugu. Nimehamia Kampala tangu Machi, kikazi, nikitokea Arua. Kule nilikuwa na fundi wangu, mzee wa heshima zake. Kila nilipompelekea gitaa aliniuliza kwanza napiga nini na napigia wapi, ndipo akashika bisibisi. Huku simjui mtu.

Gitaa langu ni la nyuzi za chuma, halina umeme. Mvua zilipoanza nyuzi zikapanda. Nimepima kwa rula kwenye freti ya 12 (vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo): uzi mnene umesimama milimita 4 juu ya freti, na nyuma ya daraja, kile kibao kilichobandikwa usoni kushika nyuzi, karatasi inapenya. Misa haijafika nusu, vidole vinawaka moto.

Nimeonyeshwa njia nne. Kuna duka la vyombo vya muziki katikati ya mji. Kuna seremala, jirani yangu hapa mtaa wa Ntinda, kazi yake ya vitanda na makabati ni safi sana. Kuna mpiga gitaa wa parokia anayetengenezea nyumbani kwake. Ya nne ni kulifunga, nilipakie basi lirudi kwa mzee wangu Arua. Moyo wangu uko kwenye hiyo ya nne.

Binti_Bombo
Kaka, seremala hapana. Naandika kwa uchungu. Daraja la gitaa langu liliachia kama lako, nikampa seremala ninayemwamini kwa kila kitu cha nyumbani. Alimwaga supaglu, kisha akapiga skrubu mbili kutokea juu. Wiki tatu baadaye uso wa gitaa ulipasuka kufuata mshipa wa mbao, kuanzia kwenye skrubu.

Hakuwa na nia mbaya. Kabati likishaungwa linatulia. Gitaa la nyuzi za chuma linavutwa usiku na mchana, nyuzi zote sita kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 70, na ubao wa uso ni mwembamba, karibu milimita 3 tu. Daraja linatakiwa lipashwe moto taratibu, ling'olewe zima, gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka mbao ionekane, ndipo libandikwe kwa gundi ya mbao na kubanwa kwa klampu. Halafu liachwe siku nzima bila kufungwa nyuzi. Muulize fundi yeyote atafanyaje. Akikujibu kwamba atamaliza ukiwa unasubiri, beba gitaa lako uondoke.

Rumba_Kisenyi
Mimi napiga la umeme, kwa hiyo madukani naenda mara nyingi. Wakuuzie jeki, wakulehemee waya, wakubadilishie kitufe cha sauti: hapo wako vizuri na ni haraka. Ila maduka mengi hayana fundi ndani. Gitaa lako linapokelewa kaunta, jioni linapanda boda kwenda kwa mtu usiyemwona, na likirudi na mkwaruzo hakuna anayeujua. Omba kuonana na huyo fundi mwenyewe kabla hujaliacha. Duka la kweli halitakukatalia.

Mwana_Arua
Ahsanteni, seremala na duka nimeviweka pembeni. Mbona hakuna anayesema kuhusu Arua? Nauli ya mzigo si kubwa.

BabaKwaya
Mwanangu, nikueleze hilo la Arua, maana wengi wanakosea hapo.

Gitaa lako halikuharibika njiani. Limebadilisha hewa. Umetoka Arua mwishoni mwa kiangazi, mbao ikiwa imekauka. Umefika Kampala, ziwa liko hapa karibu na masika yameanza. Mbao ikinywa unyevu inavimba kwa upana wake, uso unatuna kama tumbo, daraja linainuka na nyuzi zinainuka nalo. Gundi iliyokuwa imechoka ndiyo inaachia wakati huo. Sasa ukilipeleka kwa mzee wako, karibu kilomita 500, litakaa kwake wiki mbili katika hewa ya kule. Atalipima na kulipanga vizuri kabisa, kwa hewa ya kule. Likirudi huku litatuna tena. Fundi wa gitaa inafaa awe anaishi kwenye hewa unayopigia. Mzee mpigie simu, mweleze dalili, atakupa maneno ya kumpima fundi mpya.

Na kumpima ni hivi. Usianze kwa kumpa daraja. Mpe kwanza abadilishe nyuzi, ukae pale utazame. Je, analegeza taratibu au anakata nyuzi zikiwa zimekaza? Anaitazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayepima mstari? Anabonya uzi freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, halafu anatazama nafasi iliyobaki katikati? Nafasi hiyo iwe nyembamba sana, ionekane kwa taabu. Anayekutajia bei kabla ya kutazama shingo hajui bado anatengeneza nini.

Jambo moja zaidi. Akikimbilia kusaga kile kipande cha mfupa kilicho kwenye daraja ili nyuzi zishuke, mzuie. Nyuzi zitashuka leo, lakini daraja bado limeachia, na kiangazi kikija zitalia kwenye freti.

Alur_Pakwach
Naongeza njia ya tano: watengeneza adungu, kinubi chetu cha asili. Pale nyuma ya National Theatre ndugu zetu wanauza ala za asili, ulizia anayezitengeneza. Mtu wa adungu anaijua mbao inayovutwa na nyuzi.

BabaKwaya
Kwa ufa kwenye mwili nakubali, wana mikono mizuri mno. Lakini adungu haina freti, na shingo yake haina chuma cha kukaza ndani. Kwa tatizo la huyu kijana, hapana.

Mwana_Arua
Nimerudi, wiki ya tatu sasa. Nilimpigia mzee, akasema maneno yaleyale ya BabaKwaya kuhusu hewa, akacheka kwa furaha kwamba gitaa liko kwa watu wanaolijali. Nikaenda kwa yule wa parokia na seti mpya ya nyuzi. Alilegeza mojamoja, akatazama shingo, akaniuliza nimetoka mji gani kabla sijasema lolote. Nilimwachia siku hiyohiyo.

Alisema shingo iko sawa, shida ni daraja peke yake. Limebandikwa, limekaa siku mbili kwenye klampu, na freti ya 12 sasa ni milimita 2.5. Kipande cha mfupa hakukigusa; amesema tusubiri mvua zikatike ndipo tupime upya.

Binti_Bombo
Nimefurahi mno. Je, anapokea gitaa lililopasuka uso?

Mwana_Arua
Nilimuuliza kwa ajili yako, dada. Amesema picha hazimtoshi, ulilete mwenyewe, na skrubu usizitoe.